Nyumba ya Mikono Miwili

Kaka yangu Émile hula chakula kikiwa kimepoa. Ukimwekea cha moto anakingoja kipoe, na kikipoa haulizi hata kama kuna chumvi. Nimempikia tangu volkano na sijawahi kumsikia akisema kitamu wala kibaya. Siku moja nilimpikia maharage bila chumvi makusudi, nimwone. Akamaliza sahani, akasema aksanti, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikasirika mpaka jioni. Heri mtu akutukane, ujue yumo ndani.

Mimi ni Émérance, fundi wa kushona, hapa Katoyi, Goma. Cherehani yangu iko barazani. Émile anafanya kazi chumba cha nyuma, anaandika programu za simu. Mama yetu, Mama Donatille, anakaa katikati yetu kwenye kiti cha plastiki na kuchambua maharage, huku akisema sindano yangu inapiga kelele na mwanawe hapigi kelele ya kutosha. Baba tulimzika Rutshuru kabla vita vya kule havijatufukuza. Tulipofika Goma tulijenga Buhene, nyumba ya mbao yenye bati, na tulikuwa wanne: Mama, Émile, mimi, na mdogo wetu Léonie.

Jumamosi ile ya mwezi wa tano, elfu mbili ishirini na moja, mbingu ikawa nyekundu na avenue nzima, mtaa wetu wote, ikamwagika barabarani. Tulikuwa tumefika kwenye bomba la maji wakati Émile aliposimama, akashika kichwa. "Mashini yangu!" Hivyo ndivyo tunavyoiita kompyuta. Alisema hilo tu, hakumtuma mtu. Léonie alikuwa na mbio kutuzidi wote na hakuna aliyewahi kumkataza kitu akasikia. Akasema, "Niko nakuya," akageuka, akarudi mbio nyumbani. Volkano iliteremka ikapita juu ya avenue, ikaja kusimama karibu kabisa na lile bomba. Kulipokucha, nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe jeusi linalotoa moshi, na Léonie humo ndani.

Sikulia. Mama naye hakulia. Tulitembea hadi Sake na watu wengine, tukarudi na watu wengine, tukapanga hapa Katoyi. Nilianza kushona kwa sababu watu walikuwa wamepoteza nguo. Émile alipata mashini nyingine kwa marafiki zake waliokuwa na kabiashara ka programu, akaketi mbele yake, na kuanzia hapo hakutamka tena jina la Léonie. Sisi nasi tukajifunza kutolitamka mbele yake. Tulikuwa watu watatu tunaozunguka shimo moja katikati ya nyumba, kila mtu akiangalia asiteleze.

Kwetu mtu akifa kunakuwa na kilio, watu wanakuja kukaa nanyi. Halafu inafika siku ya kutosha kilio, yaani kukiondoa. Mnanyoa, mnasali, mnanawa, mnakunywa kikombe cha mtama, na kuanzia hapo unaweza kushika jembe lako na kucheka bila aibu. Cha baba tulikitosha Rutshuru kandokando ya kaburi lake. Cha Léonie tungekitosha wapi? Kule juu mawe yote yanafanana. Mama alikwenda mara nyingi kutafuta mahali nyumba iliposimama, na kila mara alirudi na viatu vilivyokatika na jibu jipya. "Siwezi kutosha kilio mahali penye sipajui," alisema. Akabaki na kitambaa cheusi kichwani, mwaka ukapita na mwingine ukapita. Nami nilikuwa nakifua kile kitambaa kila Jumamosi na kukichukia.

Majirani zetu wa zamani walikuwa na shida hiyohiyo, ingawa wao walitaka viwanja vyao. Jumapili baada ya misa walikutana kwa Papa Adalbert, aliyekuwa chef, mkubwa wa avenue yetu, na ambaye bado anajiita chef ingawa avenue yenyewe haipo. Walikuja kugombana. Huyu anasema parsele yake iligusa njia, yule anasema njia ilikuwa huku. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani zilikuwa na mawingu, na zile zisizo na mawingu zilionyesha bati zenye kutu tu, mtu hawezi kusema hili langu hili lako. Siku moja Émile alikuja kumchukua Mama. Papa Adalbert akamshika shati.

"Weye Émile, mutu wa mashini, utatuacha tupigane mpaka tuishe? Tutengenezee kitu."

Émile akasema, "Sawa, papa." Kwa sauti ileile ungedhani ameombwa kuhamisha kiti.

Akatengeneza. Alichukua picha mpya ya jiwe jeusi, pamoja na lile bomba la maji ambalo bado linaonekana pembeni, akaiweka kwenye simu. Chini ya picha akapanga vijumba vidogo, kila kimoja na jina la mwenyewe. Unashika kijumba chako, unakivuta juu ya jiwe mpaka mahali unapokumbuka, unakiacha. Jirani anavuta cha kwake. Mkianza na bomba, mkisaidiana kukumbuka nani alikuwa kando ya nani, avenue inarudi kidogo kidogo. Aliposema hivyo nilisimamisha cherehani. Nilielewa kazi hii si ya viwanja vya Papa Adalbert, na sidhani Émile mwenyewe alikuwa amejiambia.

Nikamuuliza simu inajuaje. Alinijibu, na yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

"Kuhusu kidole, simu inajua mambo matatu. Kimetua, kinatembea, kimenyanyuka. Kikitua, ninapima kwanza kimegusa nyumba sehemu gani, kona au katikati. Ninaishikia palepale. Kikitembea, nyumba inatembea kiasi kilekile. Kikinyanyuka, nyumba inakaa, ndipo programu inahifadhi."

"Na usipopima?"

"Nyumba inaruka kuja chini ya kidole. Mutu anashtuka, anaona sawa kitu imemuponyoka."

Ni kama kitambaa nisichokitia pini kabla ya kukivuta, nikamwambia. Akasema ndiyo, labda. Akarudi chumbani.

Jumapili iliyofuata simu ililazwa mezani kwa Papa Adalbert. Yeye alianza, ni chef. Alibonyeza kijumba chake kwa kidole kama anayeua siafu, akakisukuma, akakiacha, akapiga makofi. Havugimana, aliyekuwa jirani yetu mlango kwa mlango, akaweka chake. Wengine wakaweka, wakabishana, wakasogeza. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakibishana wakicheka. Kisha ikawa zamu ya Mama.

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge. Akanyoosha mikono yote miwili, akatua kidole kimoja upande huu wa kijumba na kimoja upande ule, taratibu, jinsi unavyopokea mtoto mchanga kwa mwenye kumzaa. Kijumba kikatembea kidogo, kisha ghafla kikaruka, kikaangukia juu ya nyumba ya Papa Adalbert.

"Yoo! Mama Donatille anahamia kwangu bila hata kubisha hodi!"

Watu wakacheka. Mama akajaribu tena. Kikaruka barabarani. Mara nyingine kikaenda kukaa juu ya bomba. Kicheko kilikuwa kimepungua sasa, na mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mama amezeeka, hakumbuki. Nilimsikia. Nilimwangalia mpaka akaangalia viatu vyake.

"Mama," akasema Émile, "tumia kidole moja tu."

"Kidole moja ni ya kuonyesha mwizi."

"Simu inachanganyikiwa, Mama."

"Basi simu yako haina heshima. Nyumba yenye Léonie iko ndani, niisukume na kidole moja sawa takataka?"

Jina lilikuwa limetamkwa, mbele yake, mezani, mchana. Nilimtazama kaka yangu nikingoja uso wake ufanye kitu, chochote. Akaichukua simu, akaifuta kioo kwa shati, akasema, "Nitarekebisha."

Nitarekebisha! Njiani nilitembea mbele yao ili nisiseme jambo. Nilimfuata mpaka chumbani kwake nikiwa na mkasi mkononi, nilikuwa nimeunyakua barazani nikipita, na kweli nilitamani kumchoma nao kidogo tu, aseme aï.

"Umesikia Mama alisema nini?"

"Nimesikia. Ni kosa langu." Alikuwa anaangalia mistari yake ya programu. "Simu inavipa vidole namba. Mimi niliiambia programu ifuate cha kwanza kwenye orodha. Mikono ya Mama inatetemeka, cha kwanza kinanyanyuka kidogo, kile cha pili kinakuwa cha kwanza. Programu inadhani ni kidole kilekile kimeruka mpaka kule. Kwa hiyo na nyumba inaruka."

"Sikuulizi vidole!"

"Naweza kuiambia isikijali kidole cha pili," akaendelea, kana kwamba mimi ni redio ya jirani. "Watu wengi wanafanya hivyo. Ni kazi ndogo."

"Basi fanya, tumalize."

"Mama atakuwa anabeba bure na mkono wa pili."

"Atajua?"

"Hatajua."

Akaweka mkono kwenye shavu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipomsikia akisema, polepole, kwamba hapana, nyumba itakaa katikati ya vidole viwili. Kimoja kikienda, inakwenda nusu. Kimoja kikinyanyuka, haitaruka, atapima upya kutoka kwa kile kilichobaki, palepale. Itangoja mpaka vyote viwili vitoke. Hiyo ni kazi kubwa, akasema. Nikaweka mkasi mezani, nikaenda kumpashia chakula, ingawa najua hakipendi cha moto.

Ilimchukua mpaka baada ya Mwaka Mpya. Wakati huo vita vilikuwa vinashuka kutoka Masisi, watu wakiingia mjini na magodoro vichwani, na bei ya makaa ikapanda. Hata hivyo Jumapili moja ya mwezi wa kwanza tulirudi kwa Papa Adalbert. Walikuja wachache. Mama akajifuta mikono, akatua vidole viwili. Kijumba kikainuka, kikatembea katikati ya mikono yake bila kuruka. Mkono ukitetemeka, kinatetemeka kidogo, kisha kinatulia. Akakipeleka juu ya jiwe jeusi, kushoto mwa Havugimana, bomba chini yake.

"Njo pale!" Havugimana akasimama kukubali kwamba ndipo penyewe. "Mama, njo pale kabisa! Dirisha yenu ilikuwa inaangalia mulango yangu!"

"Acha hapo, Mama," akasema Papa Adalbert, na yeye chef hana desturi ya kusema kwa upole.

Mama hakuacha. Vidole vilikuwa pale, nyumba ilikuwa pale, na simu ilikuwa inangoja anyanyue mikono ihifadhi. Tukangoja nasi. Nilimwona anatazama kile kijumba kama mtu anayesubiri kiseme.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Émile, na aliyepiga alikuwa binamu yetu Achille, wa Sake. Kioo kikabadilika, na Émile alipopokea tukasikia sote: "Tuko tunakimbia! Waasi beko hapa! Mutoke na nyinyi!" Papa Adalbert akaanza kufunga madirisha. Watu wakatoka bila kuaga.

Simu ilipokatika, kijumba chetu kilikuwa kimerudi chini, pale kilipoanzia. Nilimuuliza Émile tukiwa njiani, katikati ya wale watu na magodoro yao, kwa sababu lazima niulize kitu au nipige kelele.

"Kuna jambo la nne," akasema. "Simu ikipata kitu kikubwa kuliko kidole, inakata. Kidole hakikunyanyuka, kimenyang'anywa. Hapo ninairudisha nyumba kwenye mwanzo. Mutu hakupata nafasi ya kuiacha, na mimi siwezi kujua angeiacha wapi."

"Afadhali," akasema Mama.

Nikasimama katikati ya barabara. "Afadhali nini, Mama? Afadhali nini? Miaka yote hii unatafuta!"

"Nikiiacha pale, itakuwa amekufa."

Aliendelea kutembea. Nilimfuata kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na miguu. Nilihisi hasira imenitoka yote, na ilipotoka sikukuta kitu chini yake.

Waasi waliingia Goma mwisho wa mwezi ule. Tulilala chini kwenye korido, mahali pasipo na dirisha, tumesimamisha godoro upande wa mlango. Umeme ulikatika, maji yakakatika, rezo ikapotea kwenye simu zote. Mabomu yalikuwa yanapiga upande wa uwanja wa ndege, risasi zikipita juu ya bati, na baada ya muda unazoea, unasikia tu kama mtu anayebomoa mahali. Nilikuwa nahesabu vifungo vya gauni la mteja. Émile alikuwa ameegemea ukuta. Sikuogopa. Nilijua ningepaswa kuogopa, nikangoja hofu ifike, haikufika.

Asubuhi moja, mabomu bado yanapiga, Mama aliketi.

"Simu yako iko na moto?"

"Kidogo, Mama. Batri inaelekea kuisha."

"Rezo iko?"

"Hakuna."

"Basi leo hakuna mwenye atanipigia kunikatisha. Leta."

Émile akaiwasha, akaiweka chini kwenye sementi kati yao. Kijumba chetu kilikuwa pale chini, peke yake. Vingine vyote vilikuwa vimeshakaa juu ya jiwe. Mama akatua kidole cha mkono wa kushoto. Nikangoja cha kulia. Hakukitoa.

"Weka yako," akamwambia Émile.

"Mama, batri—"

"Weka."

Akaweka. Kijumba kikakaa katikati, kati ya kidole cha mama mwenye kuchambua maharage na kidole cha mtoto wake. Wakakibeba. Mara ya kwanza kilikwenda upande, kwa sababu Émile alikuwa na haraka na Mama hana, kisha wakapatana. Wakapita njia, wakapita kwa Papa Adalbert, wakafika kushoto mwa Havugimana.

"Hapa," Mama akasema.

"Njo hapa," akakubali Émile.

Hakuna aliyenyanyua. Kombora likaanguka mahali, vumbi la dari likatuangukia, vidole havikutikisika. Nikamsikia kaka yangu anasema, bila kuinua macho:

"Mimi njo nilisema mashini."

"Nilikuwa pale. Nilisikia."

"Léonie alirudia mashini sababu yangu."

"Alirudia sababu alikuwa Léonie," Mama akasema. "Ungelilia kuku, angerudia kuku. Nani alimuwezaga ule mutoto?"

Akanyanyua kidole chake.

Nyumba haikuruka. Ilibaki palepale, chini ya kidole cha Émile peke yake. Alikitazama na kusema kwa sauti ya kazini, "Haikuruka." Kisha kidole kikaanza kutetemeka, na nyumba ikatetemeka pamoja nacho. Niliona pembeni mwa kioo ile alama nyekundu ya batri. Mama alikuwa amekunja mikono, anangoja. Hakumsaidia.

"Émile," nikasema. Sijui sauti yangu ilikuwaje, nafikiri ilikuwa ya ukali. "Achia."

Akanyanyua.

Kijumba kikatulia. Chini yake yakaandikwa maneno aliyoyaweka yeye mwenyewe kwa watu wote wa avenue: Nyumba imekaa. Hatukupata muda wa kuyasoma mara ya pili, simu ikazimika. Mama akafungua kitambaa cheusi, akakikunja, akakiweka chini ya godoro. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe, nami sikuwa najua. Mtama haukuwepo, wembe haukuwepo. Katika bidoni mlikuwa na maji ya kunywa, akayamimina kidogo tu, akanawa yeye, akamnawisha Émile, akaninawisha mimi. Akasali maneno machache, akamtaja Léonie kwa majina yake yote. Akaniambia nilete kile kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa maharage ya juzi, baridi, kwenye sufuria. Tulikula kwa mikono, sufuria katikati. Émile alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akakunja uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na sidhani alikuwa anajua.

"Émérance," akasema. "Haina chumvi."